Blanketi la matamvua kutokana na mabaki ya vitenge

Kabla hujashika mkasi, chomoa uzi mmoja kwenye kila kitambaa ulichokusanya, uuchome kwa kiberiti. Uzi wa pamba huwaka, hutoa harufu ya karatasi inayoungua, kisha huacha jivu jepesi linalosagika vidoleni. Uzi wa polista hujikunja na kuyeyuka, na ukipoa huacha kidonge kigumu. Ukipata jivu na kidonge pamoja, basi hicho ni kitambaa cha mchanganyiko. Jaribio hilo la nusu dakika ndilo linaloamua kama blanketi lako litapendeza, kwa sababu blanketi ninalotaka kukufundisha halina pindo wala ovaloki, ule mshono wa kuzuia kingo zisifumuke. Mishono yake yote inakaa nje, inakatwakatwa, na uzuri wake unatokana na kitambaa kufumuka chenyewe. Pamba hufumuka ikatoa manyoya laini. Polista hata uifue mwaka mzima haitoi manyoya hayo. Inaachia nyuzi ndefu zinazoteleza na kunasa kila kitu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kigoma, nashonea kibarazani Mwanga, jirani na soko. Kazi zangu za kila siku ni magauni ya vitenge, sare za shule, na kupunguza suruali za mitumba. Kila gauni huacha mabaki chini ya cherehani: pembe za mikono, vipande vya shingo, ukanda wa pembeni ambao mteja hakuuhitaji. Jioni mafundi wengi tunayafagia na kuyachoma moto pamoja na takataka. Hivi ni vitenge vilivyovuka ziwa kutoka Kongo na Burundi, vikashushwa Kibirizi au Ujiji, na mama wa watu amejinyima miezi ili anunue. Kuchoma kitambaa kizuri namna hiyo kunaniuma, na ndiyo maana naandika haya.

Utauliza, Kigoma na blanketi wapi na wapi? Kweli, sisi wa kandokando ya ziwa shuka moja linatutosha sehemu kubwa ya mwaka. Lakini uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, wakati milima ya upande wa Buhigwe na Manyovu inapita mita 1,500. Mtu akipanda huko mwezi wa Juni au wa Julai, usiku anatafuta kitu cha kujifunika kwa bidii. Wengi wetu tuna bibi, shangazi au mkwe huko juu, na wote hao wanastahili kitu kizito kuliko blanketi jembamba la dukani linalokwisha manyoya kwa mfuo wa pili.

Mtindo huu wa kuacha mishono nje umeenea sana Marekani, na wenzetu kule hupenda kutumia flaneli, kitambaa cha pamba chenye manyoya kidogo. Kwetu flaneli mpya ni ya kutafuta, ila mashuka na mashati ya flaneli yamo kwenye marobota ya mitumba ukiwa na subira ya kupekua. Kitenge cha pamba nacho kinafanya kazi hiyo vizuri, mradi ujue tabia yake.

Vitambaa vya kuchukua na vya kuacha

Kitenge cha waksi ndicho ninachokipenda kwa upande wa juu. Rangi yake imeshika pande zote mbili, kwa hiyo matamvua yakitoka yanakuwa na rangi ileile. Vile vitenge vya bei rahisi vilivyochapwa upande mmoja, mgongo wake umepauka, na matamvua yake yatachanganyika na weupe. Si vibaya, wengine wanapenda hivyo, lakini ujue mapema usije ukashtuka mwishoni.

Kanga ni pamba nyepesi na hufumuka upesi mno. Ikae upande mmoja tu wa kiraka, na upande wa pili uweke kitu kilichoshiba, vinginevyo matamvua yatakuwa membamba. Jina la kanga mimi silikati katikati. Kama una kanga ya mama yako na unataka maneno yake yabaki, kata kipande kirefu cha sentimita 68 kwa 20 kikiwa na jina lote, kitachukua nafasi ya viraka 4 vilivyofuatana. Hesabu yake utaielewa tukifika kwenye vipimo.

Mashati ya kiume ya mitumba ni hazina. Soma lebo kwenye kola, tafuta neno cotton na namba 100. Mgongo wa shati kubwa hutoa vipande 6 bila shida. Suruali za jinzi nzee zinafaa na hutoa matamvua mazuri sana, ila usiweke jinzi juu na jinzi chini. Cherehani ya kawaida itakwama kwenye makutano. Jinzi iwe uso, mgongo uwe kitu chepesi.

Vya kuacha: fulana, kwa kuwa kitambaa chake kimesukwa kwa vitanzi, hakifumuki bali hujikunja. Satini na lesi za sherehe. Mabaki ya sare nyingi za shule, ambazo siku hizi zina polista kwa wingi. Na pindo la kiwandani, ule ukingo mgumu wa kitenge wenye maandishi, ukate uutupe, maana umesukwa makusudi usifumuke.

Tumbo la blanketi, yaani kile kinachokaa katikati, halihitaji kuwa pamba kwa sababu halitaonekana. Blanketi kuukuu lililotoboka linafaa kabisa. Kanga zilizochakaa ukizikunja mara mbili zinafaa. Taulo linafaa lakini linakuwa zito likilowa na linachelewa kukauka. Sufi usitie. Sufi ni ya mito. Kwenye blanketi linalofuliwa mara kwa mara hujikusanya pembeni ikawa mabonge.

Vitambaa vyote vipya vifue kwanza kwa maji ya moto, vikauke, vipigwe pasi. Kitenge kipya kina wanga unaokikakamaza, na pamba mpya hurudi ikifuliwa. Ukichanganya kitenge kipya na shati la mitumba lililokwisha kufuliwa mara nyingi, mfuo wa kwanza kimoja kitarudi na kingine kitabaki, na kiraka kitajikunyata. Vile vyekundu na vyeusi vifue peke yake, kisha kikiwa bado kimelowa kandamiza kitambaa cheupe juu yake. Kikiacha doa, rudia kufua hadi kisiache.

Vipimo

Tengeneza pateni mbili za boksi gumu, boksi la sabuni linatosha: moja ya mraba wa sentimita 20 kwa ajili ya uso na mgongo, nyingine ya mraba wa sentimita 15 kwa ajili ya tumbo. Akiba ya mshono, yaani kitambaa kinachobaki kati ya mshono na ukingo, tutaiacha sentimita 2 kila upande, kwa hiyo kiraka kilichokwisha kuunganishwa kinabaki sentimita 16. (Ndiyo maana jina la kanga lililochukua nafasi ya viraka 4 ni 16 mara 4, ongeza 4 za akiba, 68.) Tumbo ni dogo makusudi ili lisiingie kwenye mshono, mishono isiwe minene kupita uwezo wa cherehani.

Anza na blanketi la mtoto. Viraka 6 kwa upana na 7 kwa urefu, jumla 42. Litakuwa kama sentimita 100 kwa 116 pamoja na matamvua ya kingoni, kabla halijarudi kidogo kwenye kufua. Utahitaji vipande 42 vya uso, 42 vya mgongo na 42 vya tumbo. Uso utoke kwenye mabaki, mchanganyiko wowote unaoupenda. Mgongo nashauri uwe wa rangi moja. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa vipande 5 kwa kila mstari, kwa hiyo mistari 9 inakutosha. Nunua mita 2 ili kurudi kwake kusikuumize.

Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, shona viraka 9 kwa 11, jumla 99. Linatoka kama sentimita 148 kwa 180, linafunika godoro na kuning'inia kidogo pembeni. Mgongo wake unakula mistari 20, yaani mita 4 kamili. Nunua 4 na nusu. La ukubwa zaidi ya hapo silishauri kwa cherehani ya nyumbani, kwa sababu kadiri unavyounganisha ndivyo uzito wote unavyoning'inia mezani na kuvuta sindano.

Kukata nako kuna siri moja. Pateni ilale sawasawa na uelekeo wa nyuzi, kingo zake zifuate uzi wa urefu na uzi wa upana. Usiilaze mshazari hata kama utapata kipande kimoja zaidi kwenye baki lenye pembe. Sababu ni hii: matamvua yanatokea pale nyuzi zinazokwenda sambamba na mshono zinapodondoka, zikabaki zile zinazotoka kwenye mshono kuelekea nje. Hizo zinazobaki zimeshikwa na mshono, hazina pa kwenda. Ukikata mshazari hakuna uzi wowote uliolala sambamba na mshono, kwa hiyo hakuna kinachodondoka. Kingo itabaki kavu, na wewe utalaumu kitambaa bure.

Rangi nitasema neno moja tu. Kwa kuwa matamvua yatachanganya nyuzi za uso na za mgongo, mgongo uwe na rangi iliyopauka kuliko nyuso, kwa mfano manjano iliyoiva, krimu, au samawati nyepesi. Hapo mistari ya matamvua inajitokeza na kutenganisha michoro ya vitenge ambayo bila hivyo ingegombana. Nimeona mengi yenye mgongo mweusi. Ni mazuri pia, lakini nyuso zenye bluu iliyokolea humezwa.

Kushona viraka

Panga mgongo chini, uso wake mzuri ukitazama meza. Weka tumbo katikati, libaki na nafasi ya sentimita 2 na nusu kila upande. Funika na uso, upande mzuri ukitazama juu. Choma pini 2. Kisha shona msalaba: toka pembe moja hadi pembe ya mkabala, halafu pembe nyingine mbili. Msalaba huo ndio utakaolishika tumbo lisihame miaka yote ya kufuliwa, kwa hiyo usiuruke.

Tumia sindano namba 14 kwa vitenge na mashati, namba 16 ukiwa na jinzi. Sindano iwe mpya. Sindano butu hupasua nyuzi za kitambaa badala ya kupita kati yake. Urefu wa mshono uwe milimita 3. Uzi wa polista ndio ninaotumia hapa, na usishangae kwamba nimeikataa polista kwenye kitambaa nikaikubali kwenye uzi: kitambaa tunataka kifumuke, mshono tunataka ushike.

Usikate uzi kila kiraka kinapoisha. Shona cha kwanza, kabla hujainua mguu wa cherehani sogeza cha pili, endelea, viwe mnyororo mrefu unaoshuka nyuma ya meza. Ukimaliza mshazari wa upande mmoja wa vyote, geuza, shona upande wa pili, ndipo ukate. Unaokoa uzi na muda, na mguu unakaa kwenye mwendo mmoja.

Kuunganisha

Vitandaze viraka vyote sakafuni juu ya mkeka kabla ya kuunganisha, uvipange, uviache, urudi uvitazame ukiwa umesimama mbali. Ukiridhika, okota mstari baada ya mstari, choma kikaratasi chenye namba kwenye kila fungu.

Sasa inakuja sehemu inayowachanganya waliozoea kushona nguo. Kwenye nguo tunakutanisha uso kwa uso ili mshono uingie ndani. Hapa tunakutanisha mgongo kwa mgongo. Binti ninayemfundisha kazi aliponiona mara ya kwanza alinyoosha mkono kunizuia. "Dada, umegeuza!" Nikamwambia, "Sijageuza mdogo wangu, leo mshono ndio pambo." Shika viraka 2, migongo ikutane, shona sentimita 2 kutoka kingoni. Rudisha nyuma mwanzo na mwisho, hatua 3 au 4. Ukifungua utaona akiba imesimama upande wa uso, na mgongoni kuna mstari safi.

Ili sentimita 2 zisiyumbe, bandika utepe wa plasta kwenye sahani ya cherehani, sentimita 2 kutoka kwenye sindano, na kingo za kitambaa ziteleze kando yake. Matamvua yasiyolingana urefu huonekana hata na mtu asiyejua kushona.

Unganisha mstari mmoja hadi mwisho, kisha mwingine, hadi mistari yote iwe tayari. Kukutanisha mstari na mstari ndiko kunakohitaji utulivu. Pale mishono inapokutana, fungua akiba, nusu ilale kulia na nusu kushoto, uibane kwa pini pande zote mbili. Ukiiacha ilale upande mmoja unarundika unene sehemu moja. Ukiifungua, sindano inapita matabaka 8 ya kitambaa, na vyereheni vyetu vya kukanyaga vinayamudu. Ukifika hapo ondoa mguu kwenye kanyagio, zungusha gurudumu kwa mkono, sindano ipite hatua kwa hatua. Ukilazimisha kwa kasi sindano inavunjika, na kipande chake kinaweza kuruka machoni. Kama mguu wa cherehani unasukuma kitambaa cha juu mbele kuliko cha chini, legeza skrubu inayoukandamiza.

Anza kuunganisha mistari miwili miwili, halafu makundi mawili, ili kazi nzito ibaki chache. Weka kiti au stuli kushoto kwa cherehani ibebe uzito wa blanketi.

Mwisho zungusha mshono kwenye kingo zote 4 za nje, sentimita 2 kutoka kingoni, mara mbili, mshono wa pili ukikaa juu ya wa kwanza au kando yake kwa upana wa uzi. Kingo za nje ndizo zinazoshikwa na kuvutwa kila siku, na mshono mmoja hautoshi.

Mkasi

Wengi wanachoka hapa na wanaharibu hapa, na hapa ndipo blanketi linapozaliwa. Nitakaa kidogo.

Chukua mkasi mfupi wenye ncha kali. Wapo wanaopita mitaani na baiskeli wakinoa visu. Mpe mmoja mkasi wako kabla hujaanza, mweleze kwamba unataka ncha ikate, siyo katikati tu. Mkasi mkubwa wa kukatia nguo ni mzito na utakuumiza kiganja, pia ncha yake hufika mbali usikokuona.

Kata akiba iliyosimama, kuelekea kwenye mshono, mkato ukisimama wima juu ya mshono. Acha sentimita 1 kati ya mkato na mkato. Simama milimita 3 kabla ya mshono. Ukikata matabaka yote 4 kwa pamoja matamvua yanakuwa sawa. Kitambaa kikiwa kigumu, kata mawili mawili. Mikato ikiwa mbali kuliko sentimita 1 na nusu, zile nyuzi za sambamba zinabaki zimeshikana na ukingo unakaa kama mabango madogo. Ikiwa karibu kuliko nusu sentimita, vishada vinakuwa na nyuzi chache mno, vinang'oka kwenye kufua.

Kwenye makutano, pale mishono miwili inapokatana, akiba moja imelala juu ya nyingine na kuna mshono uliopita juu yake. Usikate mshono huo. Inua akiba kwa kidole, tazama, kata upande huu, kata upande ule, katikati paache. Kwenye pembe 4 za blanketi zima toa kimraba kidogo kinachoishia kabla ya mshono, pembe isiwe na bonge.

Blanketi la mtoto lina mishono ya ndani 71 na kingo za nje 26, kila mmoja sentimita 16, kwa hiyo mikato inazidi 1,500. La futi 4 kwa 6 linakaribia 3,500. Usitake kuimaliza kwa kikao kimoja. Mkono ukichoka unaacha kutii, na mkato uliovuka mshono ni tundu. Kata mistari miwili, pumzika, nyoosha vidole. Mimi nakata wakati umeme umekatika mchana, pale ambapo mteja wa pasi na wa ovaloki wote wanasubiri, au jioni nikizungumza na majirani. Ni kazi isiyohitaji cherehani, na hata asiyejua kushona anaweza kusaidia ukimwonyesha milimita 3 ni kiasi gani.

Ukikata mshono kwa bahati mbaya, usiendelee mbele ukisema utarudi. Weka alama ya pini papo hapo, kisha ukimaliza mstari rudi cherehani, anza sentimita 2 kabla ya tundu, malizia sentimita 2 baada yake.

Kufua hadi manyoya yatoke

Likitoka mkononi mwa mkasi blanketi halivutii. Kingo zimesimama kavu, mikato inaonekana. Usikate tamaa wala usimpelekee mteja. Kinachobaki ni maji.

Kwanza likung'ute nje kwa nguvu, nyuzi zilizolegea zipukutike. Liloweke kwenye beseni kubwa, maji baridi na sabuni ya unga kidogo, nusu saa. Kisha likanyage kwa miguu safi, uligeuze, ukanyage tena. Jiki usitie, inadhoofisha pamba, na matamvua ndiyo sehemu iliyo wazi kuliko zote. Maji yatajaa nyuzi. Yamwage kupitia kipande cha chandarua kilichokwisha kazi, nyuzi zibaki juu yake, uzitupe. Nakuomba sana usilifulie ziwani. Nyuzi zile na sabuni ile havina kazi kwenye maji tunayochota na kuvua dagaa. Na kama una ndugu mwenye mashine ya kufulia, usiitumie kwa mfuo wa kwanza wala wa pili, nyuzi zinaziba kichujio chake.

Usilikamue kwa kulisokota, mishono itavutika. Likunje ndani ya shuka kavu, likandamize kwa magoti, shuka linywe maji. Lianike likilala juu ya kamba mbili au tatu kwa pamoja ili uzito ugawanyike, matamvua yakitazama juu.

Wenzetu wenye mashine za kukaushia hutegemea lile pipa linalozunguka kuyachambua matamvua. Sisi tuna upepo. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, upepo wa kusini unavuma ziwani kwa nguvu na blanketi hukauka siku hiyohiyo. Likiwa na unyevunyevu bado, lishushe, shika pembe mbili na mwenzio ashike mbili, mlipige hewani. Kisha chukua brashi ya kufulia, pitisha juu ya kila mstari wa matamvua kutoka kwenye mshono kuelekea nje, mara moja kulia na mara moja kushoto. Hapo utaona vishada vinafunguka. Lirudishe kambani limalize kukauka, lipige brashi tena.

Baada ya mfuo wa kwanza matamvua yamefunguka nusu. Baada ya wa tatu yamejaa, laini, yanakaa pamoja bila kusimama ovyo. Nyuzi ndefu zitakazokuwa zimejisokota zikate kwa mkasi, usizivute, maana ukivuta unazifumua hadi ndani ya mshono. Kwa blanketi la mtoto mchanga nafua mara 4 kabla ya kulitoa, na napitisha mkono mstari kwa mstari kutafuta uzi mrefu uliobaki, kwa sababu uzi unaweza kuzunguka kidole cha mtoto ukabana. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja blanketi hili ni la kumlaza juu yake akicheza na mama akimwona, au la kumfunikia miguu akiwa mgongoni. Usimwachie amelala nalo peke yake.

Masika likae mbali na ukuta wenye unyevu, na usilikunje kabla halijakauka hadi tumboni. Bana kiraka cha katikati kati ya viganja viwili: ukihisi ubaridi, bado.

Fundi mwenzangu unayetaka kuuza, hesabu saa za mkasi ndani ya bei. Mabaki uliyapata bure, mkono wako si wa bure. Mteja anayelilinganisha na blanketi la dukani mwache alishike, aliinue apime uzito wake, halafu nyamaza.

Kurekebisha ni rahisi kwa kuwa mishono yote iko mbele yako. Mshono ukiachia, kutanisha migongo tena, pitisha cherehani, basi. Kiraka kikichanika uso, usifumue kitu. Kata kipande kipya cha pamba cha sentimita 15 na nusu, kilaze juu ya kilichochanika kikae ndani ya mistari ya matamvua, shona kuzunguka sentimita 1 kutoka kingoni, na rudia msalaba. Kata kingo zake kila sentimita 1, safari hii kina cha mkato kiwe milimita 7 tu, na hakikisha mkasi haugusi kitambaa cha chini. Kwenye mfuo unaofuata kitaanza kutoa manyoya yake.